Shajara ya mradi: kuithibitisha upya namba tasa M127

Jumamosi. Namba yenyewe na tunachokitafuta

170141183460469231731687303715884105727

Hiyo ndiyo namba ya mradi huu. Ina tarakimu 39. Ukizidisha 2 kwa 2 mpaka ufikie kipeo cha 127, kisha ukatoa 1, unaipata. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, na wanahisabati huiita M127.

Herufi M ni ya Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, kwa maneno yake, vinazaa namba tasa za aina hii hadi kipeo cha 257: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Uthibitisho hakutoa. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na kwamba 61, 89 na 107 ziliachwa. Ila 127 imo na ni sahihi, ingawa ilisubiri hadi 1876 ndipo Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alipoithibitisha bila mashine yoyote. Kwa miaka 75 hakuna aliyepata namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Leo kuna kubwa zaidi kwa mbali mno. Iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2^136279841 − 1 (alama ^ inaonyesha kipeo), yenye tarakimu 41,024,320, na aliyeipata ni Luke Durant katika GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kutafuta namba tasa za Mersenne kwa kompyuta. Hiyo siwezi kuikagua kwa kompyuta yangu. M127 naiweza, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na Python, lugha ya kuandikia programu, anaiweza. Ndiyo maana nimeichagua. Sitaki tuikubali kwa kuwa imeandikwa mahali. Nataka kila hatua iwe ya kufanyika upya, na ielezwe kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa kidato cha nne atakifuata mpaka karibu na mwisho.

Angalizo kwa watakaoanza leo: msitumie programu ya majedwali. Nyingi huhifadhi tarakimu 15 tu za mwanzo na zinazofuata huziandika 0, kwa hiyo M127 itageuka namba shufwa mbele ya macho yenu. Python huhifadhi namba nzima yote.

Jumapili. Kugawanya moja moja hakufiki

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kujaribu vigawo. Huna haja ya kupita kipeuo cha pili cha namba, kwa kuwa isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi hapo. Kwa bahati mbaya, kipeuo cha pili cha M127 ni kama 1.3 × 10^19.

Kuna nafuu ya aina yake. Tangu enzi za wanahisabati Fermat na Euler inajulikana kwamba kigawo tasa chochote cha 2^p − 1, p ikiwa namba tasa witiri, lazima kiwe na umbo la 2kp + 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Kwa kipeo chetu umbo hilo ni 254k + 1, na sharti la pili linaitaka k yenyewe ibakize 0 au 1 ikigawanywa kwa 4. Nimezipanga za mwanzo kwenye karatasi: 255 si tasa. 1017 ni 9 × 113. 1271 ni 31 × 41. 2033 ni 19 × 107. Halafu inakuja 2287, na hiyo ni tasa.

Kwa hiyo namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa kama kigawo cha M127 ni 2287. Mamia ya namba tasa zilizo chini yake zimeondoka bila kugawanya hata mara moja! Nimefurahi sana kuliona hilo kwa mkono wangu.

Lakini hesabu ni hesabu. Ukiziondoa zote zisizotimiza masharti, bado unabaki na kama 2.6 × 10^16 za kujaribu. Mashine inayojaribu bilioni moja kila sekunde ingekesha siku 297 hivi, na yangu haikaribii kasi hiyo. Lucas naye hakwenda njia hii.

Jumatatu. Swali la mpwa wangu

Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, alikuta nimeiandika M127 kwa mfumo wa 0 na 1. Humo ni 1 tupu, 127 zimefuatana, hakuna 0 hata moja. Akauliza, "Mjomba, kama zote ni moja, si lazima igawanyike kwa kumi na moja? Mbona 1111 inagawanyika?"

Ni swali zuri kuliko nililokuwa nimejiandalia. Katika mfumo huo 11 ni 3, na 1111 ni 15, kwa hiyo kweli inagawanyika. Tukaandika sita: 111111, yaani 63. Unaweza kuzikata mbilimbili ukapata 11 × 10101, ambayo ni 3 × 21. Au tatutatu, 111 × 1001, ambayo ni 7 × 9. Popote ambapo mstari wa moja unaweza kukatwa vipande vilivyo sawa, kipande ni kigawo. Kwa hiyo kama idadi ya moja si namba tasa, namba nzima si tasa. Kwa kuwa 127 ni tasa, mstari wetu haukatiki vipande sawa.

"Basi imekwisha," akasema. Bado. 11 pia ni tasa, lakini moja kumi na moja zikipangwa ni 2047, na 2047 ni 23 × 89. Kipeo kuwa tasa ni sharti la kuingilia tu.

Jumatano. Kipimo cha Lucas, kwanza kwa namba ndogo

Kipimo chenyewe kinashangaza kwa ufupi wake. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki. Rudia. Ukifanya hivyo mara p − 2 na baki la mwisho likawa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. Lucas ndiye aliyefungua mlango, na umbo hili safi linaloanza na 4 liliwekwa sawa na Derrick Henry Lehmer wa Marekani mwaka 1930.

Tumeanza na M7, yaani 127, ambayo inahitaji hatua tano:

4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0

Hatua ya tatu kwa mfano: 67 × 67 ni 4489, toa 2 ni 4487. Sasa hapa ndipo utamu ulipo, maana huhitaji kugawanya. Kwa kuwa 128 inabakiza 1 ikigawanywa kwa 127, unaikata namba kwenye 128 na kujumlisha vipande. 4487 ni 35 × 128 na 7 juu yake, na 35 + 7 ni 42. Hatua inayofuata: 42 × 42 − 2 ni 1762, ambayo ni 13 × 128 + 98, na 13 + 98 ni 111. Ya mwisho: 111 × 111 − 2 ni 12319, ambayo ni 96 × 128 + 31, na 96 + 31 ni 127, yaani 0. Mpwa wangu amezifanya zote bila kikokotoo.

Kwa M127 mkato ni uleule, ila unakata baada ya tarakimu 127 za mfumo wa 0 na 1. Hii ndiyo sababu namba za Mersenne zinaongoza orodha ya namba tasa kubwa. Kugawanya, ambako ndiko kunakochosha, kunageuka kukata na kujumlisha. Lucas alilijua hilo, na alieleza namna ya kuzifanya hesabu zake kwa 0 na 1 kwenye ubao wa vyumba kama ule wa sataranji.

Kisha M11, namba tunayoijua si tasa:

4 → 14 → 194 → 788 → 701 → 119 → 1877 → 240 → 282 → 1736

Hatua tisa, baki 1736. Kipimo kimekataa, na tazameni kwamba hakikutaja 23 wala 89. Kinasema tu kwamba vigawo vipo. Hali ilikuwa hivyohivyo kwa M67: Lucas aliona kwamba haipiti, lakini vigawo vyake vilipatikana mwaka 1903, Frank Nelson Cole alipoonyesha kwamba 2^67 − 1 ni 193707721 × 761838257287. Nimekagua kigawo cha kwanza kwa sharti la Jumapili: toa 1, gawanya kwa 134, unapata 1445580 kamili.

Jambo moja zaidi kuhusu 2047, kwa wanaopenda njia ya mkato ya Fermat: kama n ni tasa witiri, 2^(n − 1) ikigawanywa kwa n inabakiza 1. Ukichukua 2^2046 na kugawanya kwa 2047, baki ni 1, kana kwamba 2047 ni tasa. Namba zote za Mersenne zenye kipeo tasa hupita mtihani huo wa 2, za kweli na za uongo. Mkitaka kutumia Fermat kwa namba hizi, tumieni 3.

Ijumaa. M127 yenyewe

Programu nzima ni hii:

p = 127
M = 2**p - 1
s = 4
for i in range(p - 2):
    s = (s*s - 2) % M
print(s)

Hatua 125. Jibu limetoka mara tu nilipobonyeza: 0.

Nimebadilisha mstari wa baki nikaweka mkato wa Jumatano badala ya alama ya %, na jibu ni lilelile. Nimeweka 67 mahali pa 127, baki si 0. Nimeweka 61, 89 na 107, zile ambazo Mersenne aliziacha: 0, 0, 0.

Jumamosi. Kwa nini 0 ni ushahidi wa mwisho

Hii ndiyo sehemu niliyoingojea. Mtu anaweza kuendesha programu bila kujua kwa nini inafanya kazi, lakini lengo letu lilikuwa kujua.

Chukua namba mbili: w = 2 + √3, na mwenzake v = 2 − √3. Ukizizidisha unapata 4 − 3, yaani 1. Ukizijumlisha unapata 4, mwanzo wa mfuatano wetu. Sasa chukua kipeo cha pili cha jumla hiyo: (w + v)^2 ni w^2 + v^2 + 2, kwa kuwa wv ni 1. Kwa hiyo w^2 + v^2 ni 4 × 4 − 2, yaani 14. Kumbe ile kanuni ya "zidisha kwa yenyewe, toa 2" inaongeza kipeo cha w na v maradufu kila hatua. Baada ya hatua 125 tunayo w^(2^125) + v^(2^125), na kompyuta imesema kwamba baki lake kwa M127 ni 0.

Zidisha pande zote kwa w^(2^125). Kwa kuwa wv ni 1, tunapata w^(2^126) = −1. Ukichukua kipeo cha pili, w^(2^127) = 1. Shikeni haya mawili: kwa kipeo cha 2^126 bado hatujafika 1, kwa kipeo cha 2^127 tumefika. Maana yake, vipeo vya w havijirudii mpaka vitimie 2^127 kamili, vyote tofauti.

Sasa tuseme M127 si tasa. Basi ina kigawo tasa q ambacho q × q haizidi M127. Fanyeni hesabu zote za juu kwa mabaki ya q. Yale mawili yanabaki kweli, kwa kuwa q inaigawa M127, na q ni witiri, kwa hiyo −1 na 1 si kitu kimoja. Lakini kwa mabaki ya q, namba za umbo la a + b√3 ni chache: a ina nafasi q, b ina nafasi q, jumla q × q, na ukiondoa 0 zinabaki q × q − 1. Hizo haziwezi kuzidi 2^127 − 2. Nasi tunadai kuwa na vipeo 2^127 vya w, vyote tofauti na hakuna hata kimoja kilicho 0. Havienei. Basi q haipo, na M127 ni tasa.

Nimeusoma uthibitisho huu kwa sauti mara kadhaa leo. Hakuna mahali tulipogusa vigawo 2.6 × 10^16. Tumeonyesha kwamba kigawo hakina mahali pa kukaa.

Jumanne. Ushahidi wa pili, kutoka kwa jirani wa chini

Ukitoa 1 kwenye M127 unapata 2^127 − 2, na hiyo inavunjika kirahisi: 2 × (2^63 − 1) × (2^63 + 1). Vigawo vyake tasa vyote vinajulikana:

2 × 3^3 × 7^2 × 19 × 43 × 73 × 127 × 337 × 5419 × 92737 × 649657 × 77158673929

Ukivijua vigawo vya namba inayotangulia, unaweza kuithibitisha inayofuata kwa njia isiyohusiana kabisa na mfuatano wa Lucas. Kwa kila kigawo tasa r tafuta namba a ambayo kipeo chake cha M127 − 1 kinabakiza 1, lakini kipeo chake cha (M127 − 1) ÷ r hakibakizi 1. Kwa r = 2, namba 3 inatosha, na baki ni −1. Vigawo vingine vyote navyo vimepata namba zao. Kigawo kikubwa, 77158673929, nimekikagua kwa kukigawa kwa namba zote hadi 277,774, kazi ya muda mfupi tu.

Njia mbili tofauti, jibu moja.

Alhamisi. Tabia zake nyingine

Kwa mabaki ya M127, kipeuo cha pili cha 2 ni namba kamili: 2^64, yaani 18446744073709551616. Izidishe kwa yenyewe upate 2^128, ambayo ni 2 × 2^127, na kwa kuwa 2^127 inabakiza 1, jibu ni 2. Hakuna jedwali, hakuna kubahatisha.

Jirani wa juu, M127 + 2, inagawanyika kwa 3, na kinachopatikana ni 56713727820156410577229101238628035243, ambacho nacho ni tasa. Mwaka 1989 Bateman, Selfridge na Wagstaff walitoa dhana kuhusu kipeo witiri p: kati ya mambo matatu, yakitimia mawili la tatu nalo hutimia. La kwanza, p iwe karibu na kipeo cha 2 au cha 4 kwa umbo la 2^k ± 1 au 4^k ± 3. La pili, 2^p − 1 iwe tasa. La tatu, (2^p + 1) ÷ 3 iwe tasa. Kwa 127 yote matatu yametimia, na ndicho kipeo kikubwa kinachojulikana kuyatimiza yote.

Ipo pia namba timilifu inayotokana nayo, 2^126 × M127, yenye tarakimu 77. Jumlisha vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe, unaipata yenyewe. Hilo ni matunda ya Euclid.

Na ina kazi. Mkunjo wa duaradufu uitwao FourQ, uliotolewa na Craig Costello na Patrick Longa mwaka 2015 kwa ajili ya usimbaji fiche, umejengwa juu ya hesabu za mabaki ya M127. Sababu ni ileile ya Jumatano: kata, jumlisha, na namba inaenea vizuri katika biti 128. Waandishi wa programu kwa lugha ya Rust nao wanaikuta, kwa kuwa ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia katika i128, aina ya namba kamili ya biti 128.

Jumapili. Mnyororo, na kazi iliyoanza leo

2 inatoa 2^2 − 1 = 3. 3 inatoa 7. 7 inatoa 127. 127 inatoa M127. Zote ni tasa. Lucas alipomaliza kazi yake, Eugène Catalan aliuliza kama mnyororo unaendelea: je, 2^M127 − 1 nayo ni tasa? Hakuna aliyejibu mpaka leo. Namba hiyo ina tarakimu kama 5.12 × 10^37. Haiwezi kuandikwa popote, na kipimo cha Lucas kingehitaji hatua karibu sawa na M127 yenyewe.

Lakini kigawo chake kinaweza kutafutwa, kwa sharti la siku ya pili. Lazima kiwe na umbo la 2k × M127 + 1, na k ibakize 0 au 1 kwa 4. Kujaribu kigawo kimoja q ni kuangalia kama 2^M127 inabakiza 1 kwa q, na Python hufanya hivyo kwa mstari mmoja: pow(2, M, q). Tukiziondoa k zinazofanya q igawanyike kwa 3, zinabaki zile tu zinazobakiza 0, 5, 8 au 9 zikigawanywa kwa 12.

Ya kwanza ni k = 5. Hiyo ni M127 mara 10 na kuongeza 1, yaani M127 ileile na tarakimu 1 imebandikwa mwishoni: 1701411834604692317316873037158841057271. Baki si 1. k = 8, si 1. k = 9, si 1. k = 12, si 1. Wengine wamekwenda mbali mno kuliko nitakakofika na hawajapata kitu, ila programu inaendelea, na inaandika k ya mwisho kwenye faili ili mwingine aweze kuipokea hapo ilipo.

Kazi inayofuata ni kuchuja k kwa namba tasa ndogo zaidi kabla ya kuzipeleka kwenye pow. Kila namba tasa ndogo r inaondoa k moja katika kila r. Kwa 3, 5, 17, 257, 641 na 65537 tunajua tayari ni ipi: ile inayobakiza 1, kwa kuwa k = 1 inatoa 2^128 − 1, na zote sita zinaigawa. Kwa 7, 11, 13 na zinazofuata tutatafuta moja moja. Mpwa wangu ameanza na 7.